Stempu za Mtakatifu Patrick zimeisahau barua yake

Mhariri,

Makala yenu ya Machi kuhusu sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ayalandi, ilinifanya niteremshe albamu yangu ya stempu kutoka juu ya kabati. Mwandishi wenu alitueleza habari za nguo za kijani, bia, na nyoka waliofukuzwa kisiwani. Kwamba askofu huyo aliwahi kuwa mtumwa, hakugusia hata kwa neno moja.

Sitamlaumu peke yake, maana hata posta ya Ayalandi ilimpita mtumwa huyo. Mwaka 1937 ilitoa stempu tatu zenye sura ya Patrick, za shilingi 2 na peni 6, shilingi 5 na shilingi 10, zilizochorwa na Richard King. Hizo zilikuwa za bei ya juu, za vifurushi na barua nzito. Askofu amesimama, mikono juu, akibariki moto wa Pasaka. Uzuri wa mchoro sina ubishi nao. Lakini kisa cha moto ule wa kilima cha Slane, uliomkasirisha mfalme wa Tara, tumekipata kwa Muirchú, aliyeandika maisha ya Patrick karne ya 7. Patrick mwenyewe hakukitaja.

Alichokiandika yeye kimebaki katika maandishi mawili tu, yote ya Kilatini. La kwanza ni Maungamo. Humo anasema baba yake alikuwa shemasi na babu yake padre, huko Britania ya Warumi, na kwamba alitekwa akiwa na umri wa karibu miaka 16, yeye na maelfu ya wengine, wakavushwa bahari hadi Ayalandi. Alichunga mifugo miaka sita, ndipo akatoroka. Baadaye, akiwa kwao, aliota mtu aitwaye Victoricus akimjia na barua zisizohesabika. Akapewa moja, na mwanzo wake ulisomeka: Sauti ya Waayalandi. Alipokuwa akiisoma akasikia watu wakimwita arudi atembee tena kati yao. Mtu aliyeitwa kwa barua! Sisi wakusanyaji stempu tungemtaka nani zaidi?

Andishi la pili ndilo hasa lililonikalisha kuandika haya. Askari wa Coroticus, mtawala mmoja wa Britania, waliwavamia waumini aliotoka kuwabatiza. Ilikuwa siku moja tu baada ya ubatizo. Walikuwa bado na mavazi meupe, krisma, mafuta matakatifu ya ubatizo, ikinukia kwenye vipaji vya nyuso zao. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka na kuuzwa kwa Wapikti, watu wa kaskazini mwa Britania. Patrick alimtuma padre ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfundisha tangu utoto wa padre huyo, apeleke barua ya kuwaombea mateka. Wakamcheka.

Basi akaandika ya pili, kwa mkono wake. Akawatenga askari hao na Kanisa, ingawa nao walijiita Wakristo. Akawakataza waumini kula na kunywa nao, au kupokea sadaka zao, mpaka watubu kwa machozi na kuwaachia mateka. Tena akaomba barua isomwe mbele ya watu wote, hata mbele ya Coroticus mwenyewe. Kwa lugha ya leo tungesema aliipeleka kwa mhariri.

Msomaji wa pwani anayejua habari za soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, lililofungwa 1873, hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Patrick aliandika katika karne ya 5, na aliyajua mambo kwa kuyaonja. Katika Maungamo anawataja pia wanawake walio utumwani, kwamba wao ndio wanaoteseka zaidi.

Posta si ya kwanza kuiruka barua hiyo. Kitabu cha Armagh cha karne ya 9 kimenakili Maungamo, tena kwa kuyapunguza, na barua kwa askari wa Coroticus hakina kabisa. Ilituokokea kwa nakala nyingine.

Ninayo pia stempu moja ya 1961, ya shilingi 1 na peni 3, kati ya tatu zilizotolewa kuadhimisha miaka 1,500 tangu kifo chake. Ilikuja imebandikwa kwenye bahasha ya padre wa Kiltegan, shirika lenye jina la Patrick lililoanzishwa 17 Machi 1932, ambalo mapadre wake wengi tumewazoea huku kwetu kaskazini mwa Bonde la Ufa. Baba yangu alikuwa dereva wa misheni, akaiomba bahasha hiyo kwa ajili yangu. Ndiyo iliyonianzishia ugonjwa huu wa stempu.

Machi ijayo, mkiandika tena juu ya Patrick, nafasi ya nyoka mpeni Coroticus.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kitale