Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafugaji

Ndugu wanachama,

Josho limekarabatiwa, lambo limezibuliwa, vikao vimefanyika, hayo mnayajua. Tupo wanachama 64. Ada ya shilingi 20,000 wamelipa 27. Kikao cha Juni tulihudhuria 11, akidi ni 32, tukatawanyika. Nauli ya mtaalamu wa mifugo niliitoa mfukoni mwangu, na sijaidai hadi leo.

Nije kwenye chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, maana maneno yamekuwa mengi. Inasemwa niliwanyima watu chanjo kwa kukataa zile chupa sita za bei nafuu zilizoletwa kutoka mnadani. Nilizikataa kweli, na zikija tena nitazikataa.

Chanjo hii ya T1/44 ni vimelea hai. Mbegu yake ilipatikana hapa hapa kwetu, enzi za Tanganyika, mwaka 1951, ikapitishwa kwenye mayai mara 44 hadi ukali ukapungua. Vikifa, hakuna kinga. Ndani ya chupa ni unga mkavu usio na hewa, ndiyo maana ukitoboa kizibo, maji ya bomba la sindano huvutwa yenyewe. Mtaalamu alipotoboa ile ya mnadani, nimesimama naye bega kwa bega, maji hayakwenda, ilibidi asukume. Hewa ilikwishaingia, na vijidudu gani viliingia nayo nani ajuaye? Lebo haikuwa hata na namba ya toleo. Umoja wa Afrika umeweka maabara nzima, PANVAC, kule Debre Zeit, Ethiopia, kupima usafi, usalama na nguvu ya chanjo za mifugo. Mimi niidhinishe kwa macho?

Kuhusu ng'ombe waliovimba baada ya chanjo ya Agosti: ule ni mwili unapambana na vimelea vya chanjo. Uvimbe ukizidi, mwiteni mtaalamu. Lakini wapo waliokimbilia kuchoma OTC, ile dawa ya kuua vijidudu (oksitetrasaiklini), siku ya tatu bila kumwuliza mtu. OTC inaviua vimelea vile vile tulivyovilipia. Ng'ombe hao siwahesabu kuwa wamechanjwa, na nimesikitika sana, kwa sababu wanakunywa lambo moja na wa kwangu na wa kwenu.

Kinga yenyewe ni ya takriban mwaka mmoja, hivyo lazima turudie. Mungu akijalia tutapata na jokofu la sola la kuhifadhia chanjo, ada zikiingia. Wanaodaiwa tangu 2022 orodha yao ninayo hapa; leo sitaisoma.

Mwenyekiti