Barua ya malalamiko: maji ya mvua yanafukua nguzo za paneli

Kamati ya Maji ya Kijiji,
Kalinzi, Kigoma.
20 Januari 2025

Meneja wa Kampuni,

YAH: MAJI YA MVUA KUFUKUA NGUZO ZA PANELI ZA KISIMA CHETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Septemba mafundi wenu walitufungia paneli 24 za kuendesha pampu. Umeme hatuulalamikii, jua likiwaka, tenki linajaa kabla ya saa nane mchana. Tatizo ni ardhi.

Kabla ya kufunga mlileta katapila likaparua majani yote, hata ukoka wa pembeni tuliowaomba muuache. Fundi mkuu akajibu kwamba eneo la mtambo linatakiwa kuwa safi. Likawa safi kweli, kipara kitupu, tena mlimani.

Hesabu yake si ngumu. Ikinyesha mvua ya milimita 40, kila mita ya mraba inapokea lita 40. Paneli moja ina kama mita 2.5 za mraba, kwa hiyo zote 24 zinamwaga karibu lita 2,400. Shambani maji hayo yangetawanyika. Hapa yanateleza hadi ukingo wa chini wa kila safu na kudondoka kwenye mstari uleule, siku zote. Hata nyumba ya bati mtu huichimbia mtaro. Nyinyi hamkuchimba chochote.

Jumamosi nilienda kuangalia. Chini ya safu ya pili kuna korongo linalonifika magotini. Nguzo mbili za mwisho zege lake liko nje, mkono unapita chini yake, na fremu imeinamia bondeni. Bomba la waya mlilolifukia sasa linaning'inia. Udongo wote umeishia kwenye maharage ya mama jirani. Amekuja ofisini mara tatu, na kila akija ananikuta mimi.

Nilipopiga simu Desemba niliambiwa dhamana ni ya paneli na pampu, mvua ni kazi ya Mungu. Sawa. Na katapila lilikuwa la nani?

Tunaomba mje kabla ya tarehe 3 Februari, maana mvua zetu zinaendelea hadi Aprili au Mei. Chimbeni makinga maji upande wa juu, yapeleke maji kwenye miti, yasielekee shamba la mtu. Mwageni kokoto pale matone yanapoangukia. Nguzo zile mbili zimwagiwe zege upya, lishuke hadi kwenye udongo mgumu. Ukoka tutaupanda wenyewe na kuufyeka usifunike paneli. Mafundi wenu wasiuguse tu. Fidia ya maharage mkaongee na mwenyewe mbele ya Mwenyekiti wa Kijiji.

Malipo ya awamu ya mwisho tumeyasimamisha hadi kazi hiyo ikamilike. Nimeambatanisha picha sita. Katika ile ya tatu nimesimamisha jembe ndani ya korongo ili mwone kina chake.

Wenu,
Katibu, Kamati ya Maji

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji