Makanisa ya zamani yasipigwe plasta ya saruji

Mhariri,

Makanisa makongwe ya Kilimanjaro yanapofanyiwa ukarabati, kitu cha kwanza kushushwa uwanjani ni mifuko ya saruji. Naomba kamati za ujenzi zitafakari kabla ya kuifungua.

Misheni ya Kikatoliki ya Kilema ilianza 1890 na Kibosho 1893. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliingia Machame mwaka huohuo wa 1893, wakafika Mamba 1894 na Kidia, Old Moshi, 1896. Ukuta wa mawe wa enzi hizo kwa kawaida ulijengwa kwa chokaa au udongo. Hunyonya maji ya masika kutoka chini, kisha huyatoa polepole kupitia viungo vyake, yaani nafasi kati ya jiwe na jiwe. Ukiufunika kwa saruji, maji hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na plasta hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Hapo fundi hulaumiwa eti alipunja saruji, kumbe angeizidisha ndiyo ingekuwa balaa zaidi!

Saruji ya zamani itolewe kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa grainda. Viungo vichimbuliwe kina cha sentimita 2.5 hivi, vinyunyiziwe maji, vijazwe chokaa moja kwa mchanga safi tatu, kwa tabaka nyembamba. Kisha magunia mabichi yafunike kazi kwa wiki nzima. Chokaa ikikaushwa na jua la mchana hugeuka unga. Lakini yote haya ni bure ikiwa mifereji ya bati inavuja, au udongo wa nje umepanda juu ya usawa wa sakafu. Anzeni huko.

Makaburi nayo. Kwa kuwa Mchagga huzikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la ukoo, uani kwa kanisa mara nyingi wamelala wamisionari, masista na watumishi wengine wachache. Mawe yao yasisuguliwe kwa brashi ya waya wala kumwagiwa asidi. Maji na brashi laini vinatosha, na kuvu akibaki kidogo si dhambi. Maandishi yaliyofifia yapigwe picha asubuhi au jioni, jua likipiga kwa ubavu, kisha majina yalinganishwe na daftari la mazishi ofisini. Msalaba ukilazimika kuhamishwa, pimeni kwanza umbali wake kutoka pembe mbili za kanisa na kuuandika kwenye daftari hilohilo.

Fundi mwashi,
Marangu, Moshi