Ndege ikirudi uwanjani, habari ifuatwe hadi karakana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna magazeti yetu, lako likiwamo, yanavyoandika habari za ndege za abiria zinazolazimika kurudi zilikotoka kwa sababu ya hitilafu za kiufundi. Mara nyingi kichwa cha habari husema abiria wamenusurika, hufuata simulizi ya abiria mmoja au wawili kuhusu hofu iliyotanda ndani ya ndege, kisha sentensi ya msemaji wa shirika kwamba usalama wa abiria ndio kipaumbele, na habari huishia hapo. Siku chache baadaye ndege ile ile iko angani tena, na hakuna mwandishi aliyeuliza tatizo lilikuwa nini, lilianza lini na nani aliidhinisha iruke.

Nianze na rubani, kwa kuwa ndiye anayebebeshwa lawama asizostahili. Anapogeuza ndege anajua fika kwamba ataligharimu shirika mafuta, atavuruga ratiba ya siku nzima na atawakabili abiria wenye hasira. Dereva wa basi anayesimama juu ya mlima Kitonga kwa sababu breki hazimridhishi hatukanwi na abiria mwenye akili timamu, ingawa wa aina nyingine pia nimesafiri nao. Tarehe 5 Januari 2024, kipande kilichoziba nafasi ya mlango wa ziada kiling'oka dakika chache baada ya Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines kupaa kutoka Portland, Marekani, lakini marubani waliirudisha chini ikiwa na watu wote 177 hai. Wachunguzi walibaini baadaye kwamba boliti nne zilizopaswa kukishikilia kipande hicho hazikuwapo tangu ndege ilipotoka kiwandani. Katika tukio hilo kilichostahili kuitwa kashfa kilikuwa kiwandani, na marubani walifanya kile hasa walichofunzwa kukifanya.

Jambo jingine linaloandikwa visivyo ni kuzunguka angani. Ndege ya masafa marefu hupaa ikiwa na uzito mkubwa kuliko unaoruhusiwa wakati wa kutua, kwa sababu imebeba mafuta ya saa nyingi. Boeing 787-8, aina inayotumiwa na Air Tanzania kwa safari za mbali, inaweza kupaa ikiwa na takriban tani 228, lakini katika hali ya kawaida haipaswi kutua ikizidi takriban tani 172. Ikipata hitilafu isiyo ya dharura muda mfupi baada ya kuondoka Dar es Salaam, rubani humwaga mafuta angani, na kwa ndege zisizo na mfumo wa kumwaga, kama Boeing 737, huzunguka hadi yapungue. Abiria anayeona bahari ile ile kwa mara ya tatu hudhani rubani amepotea, na mwandishi huandika kwamba ndege "ilihangaika angani". Ndege ya Qantas aina ya Airbus A380, ambayo injini yake moja ilipasuka baada ya kuondoka Singapore tarehe 4 Novemba 2010, ilikaa hewani karibu saa mbili huku marubani wakikagua mfumo mmoja baada ya mwingine. Ilitua ikiwa bado nzito kupita kiwango, na watu wote 469 walitoka salama. Shirika liliziegesha kwa muda A380 zake zote, na mwaka 2013 wachunguzi wa Australia walichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba bomba dogo la oili ndani ya injini lilitengenezwa vibaya. Ripoti hiyo iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Hata hivyo, tukio linalonifanya niandike barua hii linahusu ndege ambayo haikurudi. Tarehe 28 Oktoba 2018, Boeing 737 MAX 8 ya Lion Air ilipaa kutoka Denpasar, Indonesia, kuelekea Jakarta, muda mfupi baada ya mafundi kubadilisha kifaa kinachopima pembe ya pua ya ndege dhidi ya upepo. Mara tu ilipopaa, usukani wa upande wa nahodha ulianza kutikisika kuashiria kwamba ndege inakaribia kupoteza uwezo wa kuelea, jambo ambalo halikuwa kweli, na pua yake ikawa inasukumwa chini bila marubani kuagiza. Marubani walizima mfumo wa umeme uliokuwa ukisukuma pua hiyo, wakaendelea na safari hadi Jakarta usukani ukiwa unatikisika. Walipotua, nahodha aliandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za kiufundi baadhi ya mambo yaliyotokea, lakini hakutaja kutikisika kwa usukani wala hatua ya kuzima mfumo. Mafundi walishughulikia kile kilichoandikwa. Asubuhi iliyofuata ndege hiyo hiyo, ikiwa na marubani wengine, ilianguka baharini dakika 13 baada ya kupaa, ikaua watu wote 189. Chanzo kikuu kilikuwa muundo wa programu ya Boeing iliyokuwa ikisukuma pua chini, lakini ripoti ya uchunguzi ilitaja pia maandishi hayo pungufu. Laiti marubani wale wa kwanza wangegeuza na kueleza kila kitu, gazeti la Jakarta lingeandika kwamba abiria wamekumbwa na taharuki na kucheleweshwa.

Watu wa kwetu wanajua kilichofuata, kwa sababu tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ya aina hiyo hiyo, iliyokuwa ikija Nairobi, ilianguka dakika sita baada ya kuondoka Addis Ababa, na kati ya watu 157 waliokufa 32 walikuwa Wakenya. Marubani wake waliomba kurudi, lakini hawakufika.

Kwa hiyo ndege inapogeuza hapa Tanzania, lililo muhimu kwa msomaji ni yaliyoandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za kiufundi kabla ya safari na baada yake. Mashirika yetu yanaweza kueleza yakitaka: mwaka 2022, Air Tanzania ilipolazimika kupunguza safari kwa sababu ya matatizo ya injini za Airbus A220, ilitaja hadharani aina ya injini na kueleza kwamba mashirika mengine duniani yalikuwa na tatizo hilo hilo. Abiria walikasirika, lakini walijua wanakasirikia nini. Uwazi wa aina hiyo unahitajika zaidi sasa, kwa kuwa Desemba 2024 shirika hilo liliwekwa katika orodha ya wasioruhusiwa kuruka katika anga la Umoja wa Ulaya, na Juni 2025 orodha hiyo ikapanuliwa hadi mashirika yote yaliyothibitishwa Tanzania, huku Tume ya Ulaya ikitaja upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu wa usimamizi. Suala la fidia kwa abiria waliolala kwenye viti vya uwanja wa ndege ni zito pia, ila linastahili barua yake.

Ombi langu ni dogo. Kila mtakapochapisha habari ya ndege iliyorudi, mtumeni mwandishi yule yule baada ya wiki mbili aliulize shirika ni kifaa gani kilichoharibika na kama kiliwahi kuripotiwa katika safari zilizotangulia, kisha aende Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kuuliza ni matukio mangapi ya namna hiyo yaliyoripotiwa mwaka huo na mangapi yaliyochunguzwa. Majibu yachapishwe kwenye ukurasa ule ule uliobeba habari ya kwanza, na wakikataa kujibu, hilo nalo lichapishwe, pamoja na tarehe mliyouliza.

Msomaji wako,
Ilemela, Mwanza