Barua kwa mwanangu anayekwenda Kafu

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa Arua hatujambo. Mama yako ameniambia umepata kazi ya kufuata nyayo za wanyama na wawindaji wa leseni huko bonde la Kafu. Nimefurahi sana. Nyati simhofii, maana macho unayo na pori umelizoea. Ninaohofia ni watu.

Nzohe, yule paa wa kwenye vinamasi, akijeruhiwa hukimbilia kwenye mafunjo, na mkimfikia mnaweza kukuta kundi jingine limeshamzunguka, kila mmoja anadai risasi ni yake. Damu zinachemka na bunduki ziko mikononi. Kabla hujafungua mdomo, mwambie mgeni wako, yaani mwindaji unayemwongoza, atoe risasi, chemba ya bunduki ionekane tupu, mtutu utazame chini. Mkianza nyinyi, wenzenu nao watapoa. Kisha wasalimie kwa sauti mkiwa bado mbali. Na asimtazame mtu kwa darubini ya bunduki, hata kama anataka tu kujua ni nani: yule wa upande wa pili anachoona ni mtutu umemwelekea. Nakusihi mwanangu, hili usilisahau hata siku moja.

Ugomvi wenyewe muachieni askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Wewe mwonyeshe damu ilipoanzia na majani yalipovunjika. Hiyo ndiyo kazi yako. Akiwapa wale wengine mnyama, ondokeni. Pembe si kitu cha kumwaga damu ya mtu.

Kuna na wale wa mbwa, nyavu na mikuki. Hao ni wanakijiji wanaotafuta kitoweo, na wanajua kwamba sheria ya wanyamapori ya 2019 ni kali. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka inafika hadi kifungo cha maisha. Mtu mwenye hofu ya jela akizibiwa njia atarusha mkuki. Mwachieni njia. Usimfukuze, usimpige mbwa wake, wala usimpige picha mbele ya macho yake. Rudini nyuma taratibu mkiwa pamoja, shika alama ya mahali, umwambie askari. Kukamata ni kazi yake, wewe hukuajiriwa kwa hilo. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye mfahamu mapema, nenda ukamwamkie wiki ya kwanza tu, kabla ya shida yoyote.

Ukifika Masindi mpigie mama yako. Mimi nitumie jina la askari mtakayekuwa naye.

Baba yako