Janga lingine lisitukute bila dawa za akili mitaani

Mhariri,

Kila mipango ya kukabili janga lijalo inapozungumziwa, nasikia habari za vitanda, oksijeni na chanjo. Sindano ya kila mwezi ya mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili, haitajwi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kayole, na mwaka 2020 sindano hiyo ndiyo iliyotutoa jasho.

Corona ilipoingia Machi mwaka ule, matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba wanane tu, nauli ikapanda. Kutoka kwetu hadi Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, ni matatu mbili, ya mjini kisha ya Thika Road. Mama mmoja jirani yangu alikuwa akifulia watu nguo Donholm. Wakamfungia lango kwa kuogopa virusi. Kijana wake akakosa sindano. Baada ya wiki kadhaa akawa halali, anazunguka koridoni usiku akigonga milango, na majirani waliofungiwa ndani na kafyu wakataka polisi waitwe. Niliketi na mamake kwenye ngazi, sote tumevaa barakoa, akinikunjulia kadi ya kliniki na kunionyesha kwa kidole tarehe iliyopita, kana kwamba simwamini. Tulichanga nauli, kijana akadungwa.

Ushauri kwa simu ulikuwepo, na wengi niliwapa laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu. Lakini mwanamke anayeishi chumba kimoja na mume anayempiga ataongeaje, na mume mwenyewe ameketi pale kitandani? Walionipigia mimi, wengine walinong'ona wakiwa chooni.

Mwaka huo huo jopokazi la serikali lilipendekeza afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa, na mwaka 2022 sheria ikarekebishwa. Nashukuru. Ila mkoba tuliopewa wahudumu mwaka 2023 una kipimajoto, mashine ya presha na ya sukari, na hakuna kati ya hivyo kinachomfaa mtu aliyekesha wiki nzima akisikia sauti.

Naiomba kaunti ya Nairobi iweke dawa za akili katika zahanati za mitaa sasa, kabla hatujafungiwa tena. Muuguzi wa pale afunzwe kumfuatilia mgonjwa huyu. Aliyetulia apewe vidonge vya miezi mitatu kwa mpigo. Nasi tujulishwe ni nani amekosa kliniki, tumfuate nyumbani siku hiyo hiyo.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Kayole, Nairobi