Risala ya wanafunzi wa Klabu ya Michezo, Sanaa na Safari kwa mgeni rasmi, Siku ya Vipaji, Lindi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya;
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule;
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi wetu;
Wazee wetu mafundi wa kuchonga na wa ngoma, mliokaa pale chini ya mwembe;
Wanafunzi wenzetu:

Shikamooni. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa, karibu sana shuleni kwetu. Tunajua leo ni Jumamosi, na tunajua pia kwamba ofisi yako haina Jumamosi. Tunakushukuru kwa kuja, na kwa kuwa nasi hadi saa hii.

Risala nyingi huanza na historia ya klabu. Ya kwetu ni fupi. Ilianza kama klabu ya michezo, sanaa ikaongezwa pale wapiga ngoma walipokosa wa kuwasimamia, na safari zikaingia mwisho kwa sababu mwalimu wetu wa Historia alichoka kutufundisha Kilwa kwa chaki. Tukapewa chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, na ndimo tulimo hadi leo. Kwa historia, hayo yanatosha.

Umeshatembezwa kwenye mabanda, umeangalia wavu wa wasichana, umekaa juani ukatazama ngoma. Hatuna haja ya kukusimulia ulichokiona kwa macho yako. Tungependa kukueleza kile ambacho mtu aliyekaa jukwaa kuu hawezi kukiona: kila kilichopigiwa makofi hapa leo kina mtu nyuma yake aliyekifundisha, na mara nyingi mtu huyo hajulikani.

Chukua yule mwenzetu wa mironjo, ile miti mirefu ya kutembelea, aliyepita juu ya vichwa vya watoto mpaka wengine wakakimbilia kwa mama zao. Vazi lile refu linaficha miti, kwa hiyo aliye mbali huona jitu linalocheza. Sisi tuliomfunga tunaona mengine. Miti inafungwa chini ya goti kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, fundo la kwanza linakazwa kabla hajanyanyuka, la pili akishanyanyuliwa na watu wawili. Kuanzia hapo haruhusiwi kusimama tuli. Kama ulimwangalia vizuri wakati ngoma ziliponyamaza ili mshereheshaji aseme neno, yeye aliendelea kukanyaga taratibu, kulia, kushoto, kulia. Watu walidhani ni mbwembwe. Si mbwembwe, mtu wa mironjo akisimama anaanguka. Babu aliyemfundisha alimkataza kabisa kutazama chini, akamwambia macho yawe kwa mpiga ngoma mkubwa, kwa kuwa miguu itafuata masikio. Ilichukua likizo mbili, na magoti yake bado yana alama za kazi hiyo.

Banda la kuchonga nalo lina yake. Mpingo, Mheshimiwa, si mti wa kujifunzia. Ni mgumu, ni mzito kiasi kwamba ukitupwa majini unazama, na ukipiga tezo vibaya unapasuka pale ulipotaka pabaki. Ndiyo maana fundi wetu hakumpa mtu mpingo muhula wa kwanza. Tulinoa. Tulinoa tezo, tukanoa patasi, tukachonga kuni za mkorosho zilizokwenda jikoni jioni ileile, na wapishi wakatushukuru kuliko walimu. Muhula uliofuata ndipo tukaonyeshwa namna ya kuutoa ule mti mweupe wa nje mpaka weusi uanze kujitokeza, na namna ya kulizungusha gogo mkononi na kulitazama kwa muda kabla ya kuligusa. Ile kazi ya watu waliobebana, ambayo uliuliza imeunganishwa wapi, haikuunganishwa popote. Ni gogo moja, wale watu saba wametolewa humo humo. Wamakonde huiita ujamaa, na inayong'aa vile imepigwa tupa, ikapigwa msasa, kisha ikapakwa rangi ya viatu.

Tumeandika ukutani habari za George Lilanga, mtoto wa kusini huku aliyezaliwa mwaka 1934. Alikuwa mchongaji tangu kijana, lakini alipofika Dar es Salaam kazi aliyoipata pale Nyumba ya Sanaa ilikuwa ya ulinzi. Mlinzi! Baadaye wenye nyumba wakaona alichokuwa akikifanya kwa mikono yake, na kazi zake za mashetani yenye masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha zikaenda kuonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Alifariki mwaka 2005. Tunapenda kisa chake kwa sababu moja: kipaji kilikuwa pale getini kila siku, kinafungua na kufunga mlango, na watu wanapita.

Sasa tunaomba ugeuke kidogo, Mheshimiwa, utazame ule mnazi nyuma ya bweni. Ile kamba nyekundu inayoning'inia haikusahaulika na mtu. Imepimwa mita 13.27. Huo ndio urefu wa kwenda juu wa mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, na mifupa hiyo mingi ilitoka Tendaguru, hapa hapa Lindi. Mwenzetu aliyepanda kufunga kamba alishuka akasema sasa ameelewa. Lile turubai lililolazwa chini yake, lenye mchoro wa mkaa unaozidi mita 2, ni mfupa mmoja tu wa juu wa mguu wa mbele. Watoto wa shule ya msingi jirani wamekuwa wakilala juu yake mmoja mmoja kujipima, na hatujampata aliyeufikia hata akinyoosha mikono.

Vitabu vinasema mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, ndiye aliyeiona mifupa ya Tendaguru. Kwamba watu waliokuwa wakilima na kupita pale hawakuwa wameiona kabla yake, hilo sisi hatuliamini. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 wakaja wataalamu kutoka Berlin chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika juzi tu, vijiji vimechomwa, njaa imepita. Watu waliotoka katika hali hiyo ndio walioshika majembe, na kazi ilipopamba moto walikaribia 500.

Ukisoma haraka utadhani walikuwa vibarua wa kuchimba mashimo. Lakini fikiria kazi yenyewe. Mfupa umelala ardhini miaka kama milioni 150, umekuwa jiwe lenye nyufa. Ukiufukua kwa pupa unabaki na kokoto. Lazima ujue rangi ya udongo inapobadilika, uache sululu ushike kisu, uache kisu ushike brashi, uufunge mfupa ungali ardhini, ndipo uunyanyue. Walisuka mianzi kuuzunguka ili usivunjike njiani. Kisha ukabebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na zaidi ya tani 200 zilisafiri hivyo. Kama huo si ustadi, basi hatujui ustadi ni nini.

Mkuu wa mafundi hao aliitwa Boheti bin Amrani. Alisimamia uchimbaji, akawa na jicho ambalo wazungu wenyewe walilitegemea. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Kristian Remes, alipotambua aina mpya ya dinosaria katika mifupa ya Tendaguru aliipa jina la Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Tulipolisoma jina hilo kwa sauti darasani, mwenzetu mmoja akasema, "Kumbe Boheti! Huyo si wa kwetu?" Ndiyo, ni wa kwetu. Tungetamani mtoto wa Lindi asisubiri mpaka Kidato cha Tatu kumsikia.

Kuhusu Kilwa tutasema machache, maana mwalimu wetu wa Historia yupo na tukianza ataomba kipaza sauti. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Jumba la Husuni Kubwa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe, lina bwawa la pembe nane, na ukisimama pembeni mwake hukosi kujiuliza fundi yule alipimaje. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Tano kati yake zilikuwa za shaba za Kilwa. Wataalamu hadi leo wanabishana zilifikaje ng'ambo ile. Sisi klabuni tumegawanyika: wanaosema zilikwenda na jahazi la Kilwa ni wengi, wanaosema zilipitia mikono ya wafanyabiashara wengi ni wachache lakini wana hoja nzuri zaidi.

Michezo sasa, kwa kuwa tunajua Mheshimiwa ni mtu wa mpira. Hapa mkoani tumeiona Namungo ya Ruangwa ikipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wengi wetu tulisikiliza redioni tukiwa shambani.

Lakini katika michezo ubunifu tunaoupenda zaidi klabuni ni wa mwanariadha wetu Filbert Bayi. Mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, kwenye mita 1500, wakimbiaji walizoea kuviziana nyuma na kumalizana mwishoni. Bayi akaondoka mbele tangu mlio wa bastola na hakumpisha mtu. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Kuna mwenzetu hapa ameiga mbinu hiyo mashindano ya kata. Mzunguko wa tatu akaishiwa pumzi kabisa, lakini tunakuhakikishia mizunguko miwili ya kwanza ilipendeza sana.

Na Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alikimbia marathoni, zaidi ya kilomita 42, akaingia uwanjani nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, wakafika utepe pamoja. Saa ikawapa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyoamua, na Simbu akawa Mtanzania wa kwanza kuchukua dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Pale bwenini mtu akapiga kelele kwamba Wajerumani walibeba mifupa, sisi tumebeba dhahabu. Tunaomba radhi kwa utani huo, lakini tuliupenda.

Mheshimiwa, risala bila maombi si risala. Hatutaomba jezi, ingawa tulizonazo mgongoni zina namba mbili zinazosomeka. Hatutaomba mipira.

Tunaomba wazee wale waliokaa chini ya mwembe watambuliwe na Halmashauri kama walimu wa ufundi wao. Wanakuja hapa kwa nauli zao, wanafundisha mchana kutwa, wanarudi. Mmoja ameacha kuja wakati wa kuvuna korosho, si kwa sababu ametuchoka, ni kwa sababu anahitaji kula. Posho ndogo ya kila muhula na barua yenye mhuri vingewatosha.

Tunaomba pia utusaidie na wenzetu wa misitu. Mpingo hauvunwi bila kibali, na hilo ni jambo jema, kwani mti huu huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Lakini mwanafunzi akikutwa njiani na kipande chini ya kwapa anaulizwa maswali ambayo hata mwalimu wake hawezi kuyajibu. Tungepata utaratibu wa kununua mabaki halali kutoka kwenye viwanda vya mbao, na miche ya kupanda nyuma ya uwanja, tungechonga kwa amani.

Na tunaomba usafiri wa kwenda Tendaguru wakati wa kiangazi, barabara inapopitika. Katika wanachama wote wa klabu hakuna hata mmoja aliyewahi kufika. Tunajua mifupa haipo. Tunataka kuona kilima, mashimo, na njia ile waliyotembea siku nne. Tumeshakubaliana kwamba kipande cha mwisho cha kurudi tutakitembea kwa miguu, na wazazi walio hapa wasituangalie hivyo, mwalimu atakuwepo.

Uwanja wa riadha tungeomba upimwe tu, ili tujue tunakimbia umbali gani. Mzunguko wetu wa sasa una mkorosho kwenye kona ya pili, na kila mtu anaupita upande anaoupenda.

Huenda umeona, Mheshimiwa, kwamba kila kazi kwenye mabanda ina kadi yenye majina mawili: la mwanafunzi, na la aliyemfundisha. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Vyeti ulivyoletewa hapo mezani navyo viko mafungu mawili. Tunakuomba, kwa heshima, uanze na fungu la kushoto ambalo ni la wazee, kwa kuwa wawili kati yao wanarudi Milola na gari la saa kumi, na dereva wake hasubiri mtu. Sisi tupo, tutasubiri.

Tunaomba kuwasilisha.